Chembe Nyeupe Zikihama: Namna ya Kuchukua na Kusoma FBP ya Mtu Mwenye Msongo

Mgonjwa ametoka Ludewa alfajiri. Ameshuka Njombe miguu imekufa ganzi kwa baridi, akapanda kilima mbiombio akihofia dirisha la maabara lisifungwe kabla hajafika. Dakika tano baada ya kuingia getini mkono umeshafungwa mpira na damu inatoka. Karatasi inarudi: chembe nyeupe 12.4, yaani 12,400 kwa mikrolita ya damu, mshale juu. Anaandikiwa antibayotiki. Hana homa, hakohoi, hana kidonda, na mkojo wake ni safi. Namba ile imetokana na safari, kilima na woga, na dawa aliyobeba haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Mwongozo huu ni wa wataalamu wa maabara, matabibu na wauguzi wa vituo vya afya vya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na yeyote anayetaka kuelewa karatasi yake ya FBP (full blood picture), yaani hesabu ya chembe za damu. Unaeleza msongo unazihamishia wapi chembe za kinga, kwa muda gani, na ufanye nini ili uhamaji huo usikudanganye. Kwa msongo tunamaanisha zaidi ya mawazo. Kukimbia, maumivu, upasuaji, uchungu wa kuzaa, kifafa, ajali ya bodaboda, hata mtoto kulilia sindano: mwili huvipokea vyote kwa homoni zilezile.

Unachohesabu ni kipande kidogo

Kuhesabu abiria waliosimama kituo cha daladala cha Kabwe hakukuambii Mbeya ina watu wangapi. FBP ni hesabu ya namna hiyo. Kati ya limfosaiti zote za mtu mzima (aina moja ya chembe nyeupe), takriban 2% tu ndizo zilizo ndani ya damu kwa wakati mmoja. Nyingine zimo kwenye bandama, tezi za limfu, uboho, utumbo, mapafu na ngozi, na nyingi huingia na kutoka kwenye damu mchana kutwa. Nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe inayopambana hasa na bakteria, nazo zina namna yake. Karibu nusu ya zile zilizo ndani ya mishipa zimenata kwenye kuta, hazitiririki, kwa hiyo sindano haizipati. Akiba iliyokomaa ndani ya uboho ni kubwa kuliko zote zilizo kwenye damu, inayosubiri kuitwa.

Kwa hiyo namba inaweza kupanda maradufu bila hata chembe moja mpya kuzaliwa. Inaweza pia kushuka nusu bila hata moja kufa. Ukilishika jambo hili, mengine yote yanafuata.

Mawimbi mawili

Msongo wa ghafla huleta mawimbi mawili. Kosa kubwa linalofanyika ni kuyachukulia kama wimbi moja.

La kwanza ni la adrenalini na ndugu yake noradrenalini. Linaanza ndani ya dakika moja au mbili. Moyo unaenda mbio, damu inapita kwa nguvu, bandama inasukuma chembe zake nje, na zile zilizonata kwenye kuta zinaachia. Karibu aina zote hupanda, ila limfosaiti ndizo zinazoshangaza, hasa seli za NK (zinazoua seli zenye virusi) na zile za CD8 zilizokwisha kukutana na maadui, kwa sababu zina vipokezi vingi vya adrenalini. Kwa mazoezi makali seli za NK huongezeka mara kadhaa. Aina nyingine za limfosaiti, zile za CD4 na zile za B, husogea kidogo tu.

Adrenalini haikai. Nusu yake hutoweka kwenye damu ndani ya dakika mbili au tatu. Mtu akitulia, sehemu kubwa ya wimbi hili huisha ndani ya robo saa hadi nusu saa.

La pili ni la kotisoli, homoni ya tezi zilizokaa juu ya figo. Hufikia kilele dakika 20 hadi 30 hivi tangu msongo uanze, na kazi yake kwa chembe huonekana baadaye. Limfosaiti, pamoja na aina nyingine mbili za chembe nyeupe, monosaiti na eosinofili, huondoka kwenye damu na kwenda kwenye uboho, ngozi na viungo vingine. Nyutrofili hufanya kinyume: uboho unazitoa kwa wingi, na zilizo kwenye damu hazinati kwenye kuta wala hazitoki haraka. Saa moja au mbili baada ya tukio, limfosaiti zimeshuka chini ya pale zilipoanzia huku nyutrofili zikiendelea kupanda. Msongo ukiwa mkubwa, au mtu akiwa amepewa dozi moja ya dawa ya jamii ya kotisoli, bonde la limfosaiti huwa kati ya saa 4 na 6, na hali hurudi karibu na kawaida baada ya saa 24.

Mwaka 1993 watafiti wa Ujerumani walipima damu ya watu waliokuwa wakiruka na parachuti kwa mara yao ya kwanza. Mara tu baada ya kutua, limfosaiti na seli za NK zilikuwa zimepanda. Saa moja baadaye zilikuwa chini kuliko kabla ya kupanda ndege. Mtu ni yuleyule, siku ni ileile, na karatasi mbili zinapingana.

Uhamaji huu si ugonjwa. Mwili hutangulia kuzipeleka chembe mahali ambapo jeraha au vijidudu vinaweza kuingilia, hasa ngozi. Firdaus Dhabhar na Bruce McEwen walionyesha kwa panya, miaka ya 1990, kwamba msongo wa saa chache kabla ya kuamsha mwitikio wa kinga kwenye ngozi uliuzidisha mwitikio huo, ilhali msongo wa wiki kadhaa uliudhoofisha. Na mwaka 2009, wagonjwa wa upasuaji wa goti ambao chembe zao zilihama vizuri wakati wa upasuaji walipona vizuri kuliko wale ambao zilisuasua.

Kumwandaa mgonjwa

Anza kwa kumkalisha. Dakika 15 ni chini kabisa, 20 ni nzuri zaidi, na aliyepanda kilima kwa miguu au kukimbia apewe 30. Akae kwenye kiti au benchi yenye mgongo, miguu chini, kwenye kivuli au pasipo na upepo. Asisimame kwenye foleni kisha akae dakika moja ya mwisho: kusimama tu hupeleka maji ya damu kwenye miguu na kuipandisha hesabu ya chembe kwa asilimia kadhaa. Ukimpima amekaa leo, mpime amekaa na siku ya kurudia.

Ni vigumu kwenye chumba chenye watu arobaini, tunajua. Kinachosaidia ni kugawa namba za foleni mlangoni, ili anayefika akae mara moja bila kusukumana, na muda wa kusubiri ndio uwe muda wa kupumzika. Foleni ileile inayochosha inageuka kuwa sehemu ya kipimo.

Zungumza naye. Woga wa sindano ni adrenalini tupu, na maneno mawili ya heshima hufanya kazi: “Shikamoo mama. Pole na safari. Kaa hapa upumzike kwanza, ndipo nikutoe damu. Umekuja kwa miguu au kwa bajaji?” Swali hilo la mwisho unaliuliza kwa sababu unahitaji jibu lake kwenye fomu.

Kwa mtoto, jambo la kwanza ni kutomwacha alie muda mrefu. Kilio cha nguvu kinapandisha chembe nyeupe. Andaa kila kitu kabla ya kumwita: pamba, spiriti, sindano, kichupa kilichokwisha kuandikwa jina. Mama ampakate, ikiwezekana anyonye, na mtu wa pili ashike mkono. Ukikosa mshipa mara mbili na mtoto analia kwa dakika kumi, simama, mpumzishe, au chukua kisha uandike wazi: “amelia dakika 10”.

FBP haihitaji kufunga kula. Chai na kipande cha mkate havina shida. Sigara iachwe angalau saa moja kabla. Aliyelala na ulanzi au kuamkia kazi nzito ya kubeba magunia ya viazi aje siku nyingine kama kipimo si cha dharura.

Miezi ya Juni na Julai, hasa Makete, mikono huwa ya barafu. Usimtoe damu kwenye kidole kilichoganda kwa baridi. Kwanza, hesabu ya damu ya kidole mara nyingi huwa juu kuliko ya mshipa. Pili, utakamua, na ukikamua unachanganya damu na maji ya tishu. Mpe maji ya vuguvugu aoshe mikono, au afunike mkono kwa kanga dakika tano, kisha tumia mshipa wa kiwiko.

Kuchukua damu

Mpira usifungwe kupita dakika moja. Ukipita, maji hutoka kwenye mshipa na chembe zinabaki zimesongamana. Utaandika “juu” kwa kosa la mkono wako. Usimwambie akunje na kukunjua ngumi mara nyingi. Tumia kichupa chenye kifuniko cha zambarau na ukijaze hadi kwenye alama: damu ikiwa kidogo, dawa ya kuzuia kuganda inazidi na chembe zinasinyaa. Kigeuze taratibu juu chini mara 8 hadi 10. Usikitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, chembe zitapasuka.

Andika saa. Si tarehe peke yake. Bila saa, mambo mengi ya mwongozo huu hayatumiki.

Slaidi itandazwe ndani ya saa 4 na mashine ipime ndani ya saa 6 kama inawezekana. Damu inayosafiri kwa bodaboda kutoka zahanati hadi hospitali inafika na nyutrofili zilizoanza kuharibika. Kiini chake kinajikunja kuwa duara, na macho yaliyochoka huiita limfosaiti. Njia rahisi ni kutandaza slaidi palepale zahanati, iache ikauke, ifunge na kichupa chake.

Cha kuandika kwenye fomu

Mstari mmoja unatosha, lakini usikose. Saa ya kutoa damu, alipumzika dakika ngapi, alifikaje, maumivu, jeraha, upasuaji au kifafa ndani ya saa 24, ujauzito au uchungu, na dawa. Kwenye dawa uliza kwa majina, kwa sababu wengi hawajui kwamba kidonge kidogo cheupe cha pumu au cha mwasho ni prednisolone. Prednisolone na dexamethasone huchora picha ileile ya wimbi la pili, na hudumu kadiri zinavyotumiwa. Salbutamol ya pumu na sindano ya adrenalini huchora wimbi la kwanza. Propranolol hulipunguza, kwa hiyo anayeitumia anaweza kuwa na hofu kubwa na karatasi tulivu.

Kuhesabu kwa mkono pale mashine ilipokufa

Umeme ukikatika au kemikali za mashine zikiisha, chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba cha kuhesabia chembe kwa darubini, bado inafanya kazi hiyo vizuri. Pima damu mikrolita 20 ndani ya mikrolita 380 za maji ya Turk, changanya, subiri dakika 2 hadi 3 chembe nyekundu ziyeyuke. Jaza chemba bila kuifurisha, iache dakika 2 chembe zitue, kisha hesabu miraba minne mikubwa ya pembeni. Jumla zidisha kwa 50. Ukihesabu 124 unapata 6,200 kwa mikrolita, yaani 6.2 kwa lugha ya mashine.

Kuwa mkweli kuhusu ukomo wa njia hii. Kwa bahati tu, hesabu ya 124 ingeweza kuwa 102 au 146 ukirudia damu ileile, yaani kati ya 5,100 na 7,300, kabla hujaweka makosa ya kupima ujazo. Tofauti ndogo kuliko hiyo usiipe jina la msongo.

Kwa mgawanyo wa aina, soma chembe 100 kwenye slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa baada ya kuigandisha kwa methanoli. Hapa pana kosa linaloiga msongo kabisa. Unapotandaza damu, chembe kubwa, yaani nyutrofili na monosaiti, husukumwa pembeni na mkiani mwa slaidi, na limfosaiti hubaki katikati. Anayesoma pembeni tu ataripoti nyutrofili nyingi na limfosaiti chache kwa mtu aliyelala usingizi mzuri. Soma kwa kupanda na kushuka: kutoka ukingoni kuelekea katikati, sogea pembeni kidogo, rudi ukingoni, sehemu ile ambayo chembe nyekundu zinagusana bila kupandana. Na kumbuka kwamba eosinofili 4 kati ya 100 zinaweza kuwa kweli 1% au 10%. Kama eosinofili ndizo zinazoamua tiba, hesabu chembe 200 au zaidi.

Kuisoma karatasi

Acha asilimia, tafuta idadi kamili. Zidisha jumla kwa asilimia, ugawe kwa 100. Asilimia ni ndugu wanaogawana mkate mmoja: nyutrofili zikipanda, asilimia ya limfosaiti inashuka hata kama hakuna hata moja iliyoondoka.

Karatasi ya kwanza: jumla 12.4, limfosaiti 52%, nyutrofili 38%. Limfosaiti ni 6.4, nyutrofili 4.7. Kwa mtu mzima asiye na homa, aliyetolewa damu akihema, hili ni wimbi la adrenalini. Mpumzishe nusu saa na umpime tena leo hii. Limfosaiti zikishuka hadi 2 au 3, umepata jibu. Zikibaki 6 baada ya mapumziko, na hasa zikibaki hivyo wiki kadhaa baadaye, hiyo si hofu. Soma slaidi kwa makini na umpe rufaa.

Karatasi ya pili: jumla ileile 12.4, nyutrofili 82%, limfosaiti 12%, eosinofili 0. Nyutrofili 10.2, limfosaiti 1.5. Gawanya nyutrofili kwa limfosaiti: 6.8. Hili linaweza kuwa wimbi la kotisoli, na linaweza kuwa maambukizi ya bakteria. Kupumzika nusu saa hakutasaidia kitu, kwa sababu wimbi la pili halifutwi na benchi. Hapa slaidi ndiyo inayosema. Nyutrofili changa zenye kiini cha fimbo zikiwa nyingi, chembechembe za ndani zimekuwa nene na nyeusi, kuna mapovu ndani ya chembe: fikiria maambukizi. Nyutrofili zote zimekomaa na ni safi, na mgonjwa alivunjika mguu saa tano zilizopita: fikiria msongo. Kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi au jeraha, kama kipo kinasaidia, kwa sababu hofu au kilima havipandishi CRP hadi viwango vya maambukizi makali. Lakini upasuaji na jeraha kubwa hupandisha, kwa hiyo baada ya upasuaji CRP haikupi tofauti hiyo.

Karatasi ya tatu ndiyo inayopita bila mtu kuiona. Jumla 6.2, nyutrofili 74%, limfosaiti 19%. Hakuna mshale wowote. Lakini wengi wetu Afrika tumezaliwa na nyutrofili chache kwenye damu kuliko Wazungu; ni urithi unaokwenda na kukosa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na si upungufu wa kinga. Mtu ambaye nyutrofili zake za kila siku ni 1.6 akipanda hadi 4.6 ameongezeka karibu mara tatu, na mashine iliyowekewa viwango vya Ulaya inasema kawaida. Viwango vya watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania vilichapishwa mwaka 2008. Muulize msimamizi wa maabara yako mashine imewekewa viwango vya wapi. Kilicho bora kuliko viwango vyote ni karatasi ya zamani ya mgonjwa mwenyewe. Mwambie aitunze kwenye daftari lake la kliniki.

Wajawazito wana hesabu yao. Chembe nyeupe hupanda katika ujauzito, na wakati wa uchungu na siku ya kwanza baada ya kujifungua zinaweza kupita 20 bila maambukizi yoyote. Kumwandikia mzazi antibayotiki kwa namba hiyo pekee ni kosa. Kuacha kumpima joto, mapigo na maumivu ya tumbo kwa kuwa “ni uchungu tu” ni kosa kubwa zaidi.

Eosinofili zinastahili neno lao. Kotisoli huziondoa kwenye damu haraka sana hivi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 madaktari walitumia kushuka kwake kupimia kama tezi za juu ya figo zinafanya kazi. Mtu mwenye minyoo, ambaye kwa kawaida angekuwa na eosinofili nyingi, anaweza kuonyesha sifuri akiwa na maumivu makali au akitumia prednisolone. Sifuri hiyo isikufanye uache kupima choo. Na kama unakusudia kumwanzishia mtu prednisolone ya muda mrefu, fikiria kwanza mnyoo wa Strongyloides: dawa ikiishusha kinga, mnyoo huo huweza kuzaana ndani ya mwili na kuua.

CD4 na saa ya ukutani

Kotisoli ina ratiba hata bila msongo. Hupanda kileleni muda mfupi baada ya kuamka na kufika chini kabisa karibu na saa sita usiku. Limfosaiti za CD4, zile zinazoshambuliwa na VVU, hufuata kinyume: ziko chini asubuhi hadi adhuhuri, juu usiku. Kwa mtu mwenye afya tofauti hii ni kubwa. Kwa anayeishi na VVU huwa ndogo zaidi, lakini ipo. Ongeza safari ya alfajiri, njaa na hofu ya majibu, na namba inazidi kusogea.

Kwa hiyo CD4 ipimwe saa zilezile kila mara, tuseme kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, baada ya mapumziko yaleyale. Usiilinganishe ya leo asubuhi na ile ya jioni. Angalia pia asilimia ya CD4, ambayo hutikisika kidogo kuliko idadi kamili, maana uhamaji huchukua limfosaiti nyingi kwa pamoja. Mtu akishuka kutoka 420 hadi 330 huku wingi wa virusi haujaonekana na dawa anameza, usimtishe. Rudia kwa utulivu. Lakini ikiwa chini ya 200, usisubiri kurudia ndipo umchunguze: anza papo hapo kutafuta kifua kikuu na kriptokoka (kuvu inayoshambulia ubongo), maana hapo gharama ya kukosea upande wa kuchelewa ni maisha.

Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu nacho kinategemea uhamaji. Uvimbe unaosomwa saa 48 hadi 72 ni limfosaiti zilizofika kwenye ngozi. Aliyetumia prednisolone miligramu 15 au zaidi kwa siku kwa mwezi mmoja anaweza kuonyesha ngozi tambarare huku ana maambukizi.

Msongo usioisha

Haya yote yalihusu msongo wa saa chache. Anayeuguza mzazi mwaka mzima, au anayeishi na deni na kipigo nyumbani, ana hali nyingine: ratiba ya kotisoli inapoteza mlima na bonde lake, na chembe hazihami vizuri zinapohitajika. Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Marekani walipima kidonda kidogo cha ngozi cha milimita 3.5 kwa watu wanaouguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau. Kilichukua siku 9 zaidi kupona kuliko kwa wenzao. FBP haikuonyeshi hali hii. Inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Kidonda cha upasuaji kinachosuasua, herpes zosta (mkanda wa jeshi) inayotokea bila sababu: hapo muulize maisha yanaendaje, na usiitafutie namba.

Mgonjwa akikuuliza kama limfosaiti kuwa 0.9 kunamaanisha kinga yake imekwisha, mjibu ukweli: nyingi zimehamia nje ya damu, na tutaona zikirudi. Kisha mpangie siku ya kuona.

Maafisa mifugo

Msingi ni uleule kwa wanyama, isipokuwa kwamba ng’ombe mzima kwa kawaida ana limfosaiti nyingi kuliko nyutrofili. Ng’ombe wa maziwa aliyezaa au kusafirishwa kwa lori akionyesha nyutrofili zimezipita limfosaiti, na eosinofili hazipo, huenda ni msongo tu. Kwa kuku, gawanya heterofili (nyutrofili za ndege) kwa limfosaiti; karibu 0.2 ni utulivu, 0.8 ni msongo mkubwa. Ila kwa kuku wimbi la kwanza hulioni. Uwiano hupanda kwa saa, kwa hiyo waliotoka kwenye matenga sokoni wapimwe kesho yake.

Wakati wa kutosubiri

Kupumzisha na kurudia ni kwa mgonjwa aliye mzima wa kutazama. Usirudie, tibu au mpe rufaa sasa: joto 38 au zaidi, kupumua kwa kasi, shinikizo la damu kushuka, kuchanganyikiwa, shingo kukaza, mtoto chini ya miezi mitatu, mwenye selimundu mwenye maumivu ya kifua. Jumla ikipita 20 kwa mtu mzima ambaye si mjamzito, hakutoka kwenye kifafa wala jeraha kubwa, usiisingizie msongo. Ikipita 30, au ukiona kwenye slaidi chembe changa zenye kiini kikubwa ambazo huzitambui, piga simu hospitali ya rufaa kabla mgonjwa hajaondoka, na slaidi isafiri pamoja naye.

Nyutrofili chini ya 0.5 pia haielezwi na msongo, kwa kuwa msongo huzipandisha. Vivyo hivyo mgonjwa mwenye homa kali na nyutrofili chache mno. Mwili wake ulipaswa kuzimwaga kwenye damu na haukuweza. Huyo ni wa kulazwa leo.

Kwa wengine wote, fomu ya kurudia iandikwe hivi: siku gani, saa ileile, amekaa, amepumzika dakika 20, mkono uleule, mashine ileile. Na ikibidi alale mjini usiku mmoja badala ya kuja na basi la alfajiri, mwambie mapema, ili apange na ndugu zake.